Mshindo mmoja, habari tano

Usiku wa Jumatano, 16 Februari 2011, nilikuwa nimekaa uani kwenye nyumba ya kupanga kule Tabata, ndoo ya maji miguuni, nikisubiri zamu yangu ya bafu. Mshindo wa kwanza ulitikisa bati. Wa pili ukaangusha sufuria lililokuwa limeinamishwa juu ya tofali. Kabla ya wa tatu watu wa vyumba vyote sita tulikuwa nje, wengine na taulo kiunoni, na kila mmoja alikuwa tayari anajua kimetokea nini.

Hilo ndilo lililonishangaza baadaye. Hakuna aliyeuliza. Mama wa chumba cha mbele, mlokole, alishapiga magoti: parapanda imelia. Kijana wa chumba cha pili alisema jeshi limepindua nchi. Dereva wa lori aliyepanga chumba cha pembeni alisema ni matangi ya mafuta ya Kurasini, kwa sababu yeye hupita pale kila wiki na siku zote aliona ipo siku. Mimi nilisema transfoma. Bibi mwenye nyumba, ambaye hakutoka hata mlangoni, alituambia kutoka ndani kwa sauti ya mtu aliyechoka: “Hayo mabomu hayo. Fungueni madirisha vioo visipasuke, na mlale chini.”

Bibi alipatia. Ghala la silaha la jeshi pale Gongo la Mboto lilikuwa linalipuka. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, maelfu walikimbia makwao na wengi wao walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru, uwanja wa ndege ukafungwa kwa muda. Na bibi hakuwa na redio wala ufunuo. Alikuwa na binti aliyeolewa Mbagala, ambako ghala jingine la jeshi lililipuka tarehe 29 Aprili 2009. Mlio ule alikuwa ameshaujua.

Kijana wa mapinduzi naye hakuwa mjinga. Hosni Mubarak wa Misri aliachia madaraka tarehe 11 Februari 2011, siku tano tu kabla ya usiku wetu. Kwa wiki kadhaa kijana yule alikuwa anashinda kwenye runinga ya saluni ya jirani, akitazama vifaru na watu waliojaa uwanjani Cairo. Kichwa chake kilikuwa na picha moja iliyo juu ya nyingine zote, na mshindo ulipokuja, picha hiyo ndiyo iliyoukaribia kupita zote. Wataalamu wa saikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilieleza jambo hili mwaka 1973: tunapokadiria kama kitu kinaweza kutokea, hatuhesabu mara ngapi kimetokea, tunaangalia mfano wake unatujia kichwani kwa urahisi kiasi gani. Kinachokuja upesi tunakiona cha kweli.

Kwa hiyo mshindo ulikuwa mmoja na nyumba ilikuwa moja, lakini kila mtu aliusikia kwa kile alichokuwa nacho tayari. Imani ilimwambia mama. Runinga ilimwambia kijana. Njia ya kazini ilimwambia dereva. Na kwa muda mrefu usiku ule redio tuliyokuwa tumeiwasha iliendelea kupiga muziki wa mapenzi kana kwamba hakuna kitu. Nadhani ukimya ule ulifanya kazi kubwa kuliko taarifa yoyote iliyokuja baadaye. Nitarudi hapo.

Tundu la jicho

Kabla hatujamlaumu mwandishi wa habari au waziri, tuanze na jicho. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, dole gumba juu, magumba yagusane. Fumba jicho la kushoto. Jicho la kulia likodolee gumba la kushoto, lisitoke hapo. Sasa sogeza gumba la kulia taratibu kuelekea kulia, bila kulifuata kwa jicho. Likifika umbali unaopungua shibiri moja kidogo, ncha yake itapotea. Endelea kusogeza, itarudi.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hutokea nyuma ya jicho, na pale unapotokea hakuna nafasi ya chembe za kupokea mwanga. Kila jicho la binadamu lina tundu, tangu kuzaliwa hadi kaburini. Ila cha kutazama hapa ni kitu kingine: gumba lilipopotea, uliona nini mahali pake? Hukuona shimo jeusi. Uliona ukuta, au pazia, au anga, chochote kilichokuwa pembeni. Ubongo ulichukua rangi ya jirani ukaziba tundu, na haukukuambia kwamba umeziba.

Mambo ya nchi na ya mji tunayaona hivyo hivyo. Hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayeiona Dar es Salaam. Mtu wa Bunju hajui Chanika kumeamkaje. Tunajua mtaa wetu, kazi yetu, njia yetu ya daladala, na sehemu kubwa iliyobaki tunazibiwa au tunajizibia wenyewe. Swali ni nani anayechagua rangi ya jirani, na nani mwenye uwezo wa kuongeza ukubwa wa tundu.

Kamba ya magazeti

Pita asubuhi kwenye kituo chochote kikubwa, Mwenge au Mbagala Rangi Tatu, utamkuta muuza magazeti ameyatundika au ameyapanga chini juu ya turubai. Mbele yake wamesimama watu kumi, mikono nyuma, shingo zimenyooka. Wanaonunua ni wawili. Wanane wanasoma vichwa vya habari, wanatikisa kichwa, wanapanda gari, na hadi wafike Posta wameshakuwa wachambuzi. Wengine wameshasomewa magazeti redioni wakiwa bado wanapiga mswaki. Mimi pia ni mmoja wa wale wanane, nisijifanye.

Kichwa cha habari hakikudanganyi kwa lazima. Nguvu yake iko kwenye kupanga. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill ambao walikuwa hawajaamua wampigie nani. Waliwauliza ni mambo gani makubwa yanayoikabili nchi, kisha wakalinganisha majibu na nafasi ambayo vyombo vya habari vya eneo lile vilikuwa vimeyapa mambo hayo. Mpangilio ulifanana karibu kabisa. Watu hawakuwa wameambiwa wafikiri nini kuhusu jambo fulani. Walikuwa wameambiwa lipi ni jambo.

Hapa kwetu unaweza kuliona hilo bila utafiti. Chukua wiki yenye mechi ya watani wa jadi. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936, na tangu hapo mji huu una siku kadhaa kila mwaka ambazo hakuna kitu kingine kinachotokea. Bei ya mchele inaweza kupanda, mfereji unaweza kufurika Jangwani, lakini kwenye kamba ya magazeti kuna magoti ya mshambuliaji mmoja tu. Hayo mengine hayajafichwa. Yapo ukurasa wa saba, ambao wale wanane hawaufikii.

Baada ya kupanga, kuna kuita. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na kwenye habari ngozi ni neno. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam. Kwenye taarifa rasmi zoezi lile liliitwa kuwapanga machinga. Aliyekuwa na kibanda Kariakoo hakusema amepangwa, alisema amevunjiwa. Maneno yote mawili yanaelezea mbao zile zile zilizokuwa chini. Julai mwaka huo huo yalianza malipo mapya kwenye miamala ya simu: serikalini ikawa tozo, mtaani ikawa makato. Tozo inatolewa kwa ajili ya kitu fulani. Makato ni kitu unachofanyiwa. Mtu anayesema “tozo” na anayesema “makato” wanaweza kubishana saa nzima wakidhani wanabishana kuhusu fedha.

Halafu kuna neno “changamoto.” Sijui ni lini hasa matatizo yaliisha katika nchi hii, lakini yameisha, zimebaki changamoto. Maji hayatoki: changamoto. Dawa hakuna: changamoto. Neno hili lilikuja na maana ya kitu kinachokuchochea ujitahidi, kwa hiyo ukilisema tayari umeshafika nusu ya safari ya kuridhika. Tatizo linataka mtu wa kulaumiwa. Changamoto haina mwenyewe.

Redio moja

Wazee wetu wana kumbukumbu ya wakati ambapo ngozi ya ngoma ilivutwa na mkono mmoja, na wengi wao hawaikumbuki kwa uchungu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, studio zake Barabara ya Pugu, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa kama swala ya kitaifa. Kilichotangazwa kilikuwa kimetokea. Kisichotangazwa kilisubiri.

Ni rahisi kuuona mfumo ule kama kiwanda cha kasumba, na upande huo ulikuwepo. Lakini mwaka 1973 redio hiyo hiyo ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini na mijini, redio katikati, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi mbele, kwa wiki 12. Walisikiliza habari za malaria, kichocho na kuhara, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Choo kilichokuwa jambo la bwana afya na faini kikawa jambo la heshima ya kaya. Serikali ilibadilisha jinsi watu walivyouona ugonjwa, kutoka mapenzi ya Mungu au jicho la jirani mpaka mbu wa kwenye kopo nyuma ya nyumba yako. Huko nako ni kuunda uhalisia kichwani mwa mtu, na sina sababu ya kulisikitikia jambo hilo.

Ninachokitazama zaidi katika mfano ule ni kile kikundi. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini iliishia mikononi mwa watu waliojuana, wenye nafasi ya kusema “sisi huku mbu wanatoka kwingine.” Mamlaka iliongea na tundu lilibaki dogo.

Mamlaka ina njia nyingine pia. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitaendelea kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ni gharama. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi bila kibali, hadi ilipolegezwa mwaka uliofuata. Katika hatua zote mbili hakuna uongo uliosemwa. Kilichobadilika ni ukubwa wa tundu.

Mwaka wa nyungu

Mfano mkubwa kuliko yote kwa kizazi chetu ni ugonjwa wa korona. Mei 2020 takwimu rasmi za nchi zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Hazikusogea tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwanzoni mwa Mei Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilitoa majibu ya kuwa na ugonjwa, kwa hiyo vipimo vyenyewe ni vya kutiliwa shaka. Juni akatangaza kwamba nchi imepona kwa maombi.

Sitaki kurudia ubishi wa nani alikuwa sahihi. Nina maoni yangu na yako wazi kwa anayenijua. Nataka tutazame tundu. Kwa miezi ile mkazi wa Dar es Salaam alikuwa anaishi bila namba. Namba zilipoondoka, hakuna aliyebaki mtupu. Kila mtu aliziba.

Mtu wa kwanza aliziba kwa kile alichokiona: daladala zimejaa, soko la Kariakoo limejaa, mimi mzima, jirani mzima, basi hakuna kitu. Mtu wa pili aliziba kwa misiba: mwezi huu nimechanga mara nne, na kila tangazo linasema marehemu alipata changamoto ya kupumua. Wote wawili walikuwa wanaangalia mji mmoja. Wote wawili walikuwa na ushahidi wa macho. Na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake, kwa sababu kitu pekee ambacho kingeweza kuwaamua, yaani hesabu ya wengi kutoka mahali pengi, hakikuwepo.

Katikati yao yakaingia makundi ya WhatsApp. Sauti iliyorekodiwa, haina jina, inaanza hivi: “Jamani, mimi nina shemeji yangu nesi hospitali kubwa…” Inayofuata ni kiapo cha mtu aliyepona kwa tangawizi, malimau na kujifukiza nyungu chini ya blanketi. Mwezi Aprili 2020 kampuni hiyo iliweka kikomo, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi uweze kupelekwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati. Haikusaidia sana kwenye kundi la ukoo wetu, kwani kila shangazi aliona ni wajibu wake kuuleta upya.

Kurudia huku kuna madhara yake yanayojulikana. Mwaka 1977 Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwapa wanafunzi sentensi kadhaa, za kweli na za uongo, mara tatu kwa kupishana wiki mbili. Sentensi zilizojirudia zilizidi kuonekana za kweli kila zilipokutwa tena, ziwe za kweli au la. Ubongo unachanganya wepesi wa kitu kilichozoeleka na uzito wa kitu kilichothibitishwa. Lugha yetu ina methali inayolisifia kosa hili: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Ni methali nzuri ya kusogezea umbea. Kama kanuni ya ushahidi, ni balaa.

Machi 2021 Rais Magufuli alifariki. Aprili Rais Samia alisema ataunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Tangazo lilikuwa limegeuka. Lakini mtaani kwangu vichwa havikugeuka siku ile. Mtu aliyekuwa ameziba tundu mwenyewe kwa mwaka mzima, kwa juhudi, kwa nyungu, kwa sala, kwa mabishano aliyoshinda, alikuwa sasa anaambiwa abomoe alichojenga kwa sababu wizara imebadili msimamo. Mjomba wangu alinijibu hivi nilipomuuliza kama ataenda kuchanja: “Mwaka jana waliniambia niwaamini. Niliwaamini.” Kwake alikuwa bado anatekeleza agizo la kwanza.

Nilikuja kuliona tundu kubwa kuliko hilo tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ilizimwa nchi nzima, na jijini ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Siku zile, hadi mtandao ulipoanza kurudi tarehe 3 Novemba, habari ilikuwa ni milio na kile alichosema mtu aliyepita. Mtandao uliporudi simu ililia mfululizo, picha na video za siku zote zikaingia kwa mkupuo, hazina tarehe, hazina mtaa, za jana juu ya za Jumatano. Nilijaribu kuzipanga ili nijue nini kilitangulia nini. Nilishindwa, na nikagundua kwamba wenzangu walikuwa wameshazipanga, kila mmoja kwa mpangilio uliothibitisha alichokuwa anakiamini tangu Septemba.

Chongo na kengeza

Imani mara nyingi huzungumziwa kama ugonjwa wa watu wengine. Niseme mapema basi kwamba mimi ni mtu wa Jangwani, na katika maisha yangu sijawahi kuona penalti halali dhidi ya Yanga. Nimeziangalia kwa marudio, kwa mwendo wa polepole, kwa pembe zote. Sijaziona.

Mwaka 1951 timu za vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, zilicheza mechi ya kandanda ya kwao iliyojaa rafu. Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo hivyo filamu ile ile ya mechi, wakawaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na hoja ya watafiti haikuwa kwamba upande mmoja ulidanganya. Walisema, kwa kifupi, kwamba hapakuwa na mechi moja iliyotazamwa na watu wa aina mbili. Kila upande ulikuwa na mechi yake. Waswahili walishasema kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Aliyetunga hakusema unaficha chongo. Alisema unaona kengeza.

Na imani ikikutana na kamba ya magazeti na kivuli cha serikali, hapo ndipo mambo yanapokolea. Wiki chache tu baada ya mabomu ya Gongo la Mboto, nchi nzima iligeukia Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Mabasi yalitoka hapa Dar es Salaam, safari ya siku kadhaa, wagonjwa wamelazwa kwenye viti. Magazeti yalileta picha ya foleni ya magari kwa kilomita nyingi porini. Tazama jinsi picha ile ilivyofanya kazi: watu walienda kwa sababu foleni ni ndefu, na foleni ilikuwa ndefu kwa sababu watu walienda. Viongozi wakaonekana wakinywa. Hakuna aliyehitaji waraka wa wizara baada ya kumwona mheshimiwa ameshika kikombe.

Katika nyumba yetu ya Tabata dada yake yule dereva alienda. Aliporudi alisimulia vizuri sana, uani, kila jioni, na alikuwa na nguvu kweli. Tulimsikiliza tukamwamini, na hatukujiuliza jambo moja dogo: kwamba tungesikia tu kutoka kwa aliyerudi. Waliofia kwenye foleni hawakuwa na uani wa kusimulia. Tundu lilikuwa limezibwa na uso wa mtu tunayempenda, na rangi hiyo hakuna gazeti linaloweza kuifuta.

Pale mwanzo nilisema bibi mwenye nyumba alipatia. Tofauti yake na sisi haikuwa kwamba yeye hakuwa na imani. Alikuwa nayo, tena nyingi, na ndiyo iliyomsaidia. Tofauti ni kwamba yake ilikuwa imewahi kugongana na kitu. Alikuwa amewahi kukosea Mbagala: mwaka 2009 alidhani ni radi, akachelewa kumpigia mwanawe. Kosa lile lilimwachia sikio. Mama wa parapanda hakuwahi kuwekwa mahali ambapo angeweza kukosea, kwani kila mshindo ungefaa. Nikitaka kujua kama jambo ninaloliamini ni macho au ni ukuta uliozibwa, siku hizi najiuliza ni kitu gani kikitokea kesho kingenifanya niseme nilikosea. Kwa mambo mengi napata jibu. Kwa penalti za Yanga sijapata.

Kijana wa mapinduzi sasa ana bodaboda yake Kinyerezi. Tulikutana mwaka jana, tukakumbushana usiku ule, naye akasema bila kusita: “Mimi si niliwaambia pale pale kuwa ni mabomu?” Nikacheka, nikamkumbusha Misri. Akakataa katakata, akaapa. Nilikuwa nimesoma kuhusu Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, ambao waliwauliza wanafunzi wa Israeli watabiri matokeo ya safari za Rais Nixon huko China na Urusi mwaka 1972, kisha baada ya safari wakawataka wakumbuke walitabiri nini. Wengi walikumbuka kwamba walijua zaidi ya walivyojua. Kwa hiyo nilimsamehe kijana kwa dharau kidogo, ya mtu aliyesoma.

Wiki iliyofuata nilikuwa natafuta chaja kwenye droo, nikaikuta Nokia yangu ya zamani. Betri ilikubali moto. Kwenye ujumbe uliotumwa kulikuwa na mmoja wa tarehe 16 Februari 2011, saa 3:04 usiku, kwenda kwa kaka yangu Moshi: “Kaka huku Dar kuna tetemeko kubwa sana la ardhi, tuombeeni.” Nimeutafuta ujumbe wenye neno transfoma mpaka betri ikaisha.